Mtungi wa Ukaguzi

YAH: RANGI INAYODAIWA KUWA YA KIJANI KATIKA MAJI YA BOMBA, KITONGOJI CHA MKUNDE. Ndivyo jalada lilivyoandikwa wilayani, na neno "inayodaiwa" likapigiwa mstari kwa rula.

Mtu mmoja alikuwa na tangi. Halikuwa lake, lilikuwa la kitongoji kizima, nao watu wakampa ufunguo kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa mtu wa maneno mengi. Jina lake Elinihaki. Kazi yake ilikuwa moja: kila mwaka, kabla ya masika, ayaachie maji yote ya tangi yatoke, aingie ndani na brashi, alisugue kwa siku mbili, kisha atie sahihi kwamba limeoshwa. Mwaka mmoja mgongo ulimuuma. Akatia sahihi kwanza, ili karatasi iwahi gari la wilaya, brashi ifuate wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na msiba. Mwaka wa pili alitia sahihi akiwa na mgongo mzima. Mwaka wa tatu hakuhangaika hata kujitafutia sababu.

Mfuniko wa tangi ukapata ufa. Ndege wakaingia, majani yakaingia, jua likaingia. Maji yakaanza kuwa na rangi ya kijani, kidogo tu, kama maji yaliyokoshewa mchicha. Watu waliyatazama, wakamtazama mtunza tangi, wakaona haya kusema.

Aliyesema ni Bibi Nakijwa, mjane aliyekaa peke yake mwisho wa bomba. Alikuwa akichemsha kila tone analokunywa, na kuni alizifuata bondeni: kushuka saa nzima, na kupanda Mungu ndiye ajuaye. Siku magoti yalipogoma akaenda kwa mwalimu, akaandikiwa barua. Wilaya ikajibu baada ya miezi minne kwamba barua imepokelewa na kwamba ukaguzi utafanyika kwa mujibu wa mwongozo: maji yatiwe kwenye mtungi wa kioo wenye koki, yatulie saa moja mbele ya mashahidi watatu, mmoja wao akiwa mlalamikaji, kisha yakingwe kwenye bilauri na kutazamwa juu ya karatasi nyeupe. Mtungi ukatangulia, umefungwa kwa magazeti. Elinihaki akausainia.

Aliuweka nyumbani kwake dirishani, akaujaza maji ya tangi ili aone ubaya ulivyo. Asubuhi ya pili akaona jambo. Ukijani haukuwa umeenea tena. Ulikuwa umehamia upande wa dirisha, umejibana kwenye kioo kama watu kwenye mlango wa zahanati. Akauzungusha mtungi. Kabla chai haijapoa, chembe zote zilikuwa zimevuka maji na kurudi dirishani. Jua lilipopiga moja kwa moja zilikimbia. Mwanga mpole ulipokuja zilirudi. Alizunguka na mtungi ule nyumba nzima, na kila palipokuwa na nuru ya wastani palipata ukijani. Mwisho akauvika boksi la kadibodi, akakata kwenye boksi herufi ya kwanza ya jina lake, akaielekeza kwenye mwanga. Alipoliondoa boksi, chembe zilikuwa zimejipanga kwenye kioo: E ya kijani, imenyooka kuliko aliyoizoea kwenye sahihi yake.

Akamwita mkewe aone. Mama Nakunda akainama, akatazama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Kumbe ni vitu vyenye uhai," akasema. "Na ndivyo tunavyowanywesha watu, Baba Nakunda?"

"Si wewe unachemsha? Una shida gani?"

 Mkewe aliitazama ile herufi mara moja tena, akarudi jikoni, na sufuria ikasikika ikiwekwa mekoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Elinihaki alikuwa amefundisha watoto wa Jumapili miaka kumi na tisa kwamba wasogee kwenye nuru. Zile chembe zilikuwa zikitii. Yeye alibaki akifikiria koki iko upande gani.

Siku ya ukaguzi alikuja Bwana Nsolo, afisa wa maji, mtu mpole mwenye fomu ya kurasa sita. Kulikuwa na kisanduku cha rangi, kisanduku cha harufu, na kisanduku cha ladha ambacho chini yake palichapwa: mkaguzi asionje. Mtungi ulikuwa umeshawekwa kwenye dirisha la ofisi ya kitongoji, umevikwa boksi. Elinihaki alieleza kwamba boksi ni la kuyakinga maji na joto. Bwana Nsolo aliupekua mwongozo, hakukuta palipokataza boksi, akaandika "sawa". Upande wa dirisha boksi lilikuwa na tundu. Upande wa watu ilikuwapo koki.

Wakakaa wakingoja saa moja. Bibi Nakijwa alikuwa kwenye benchi, miguu haigusi chini, mkoba mapajani. Ukungu uliokuwa umefunika mlima ukaanza kupasuka, na kipande cha jua kikaingia ofisini kikitambaa kuelekea mtungi. Elinihaki alijua jua kali likilifikia tundu, chembe zitakimbilia huku, kwenye koki. Hapo palikuwa na mlango wake wa kutokea. Hakuhitaji kusema neno. Angekaa kitini tu, jua lingemsemea. Akasimama, akavuta pazia nusu.

"Jua lisimuumize mgeni macho," akasema.

Bwana Nsolo akamshukuru.

Saa ilipotimia koki ilifunguliwa. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe, bilauri ikasimama juu ya karatasi kana kwamba haina kitu. Fomu ikajazwa: rangi, haipo. Mtungi ukamwagwa nje kwenye migomba na Elinihaki mwenyewe, boksi likiwa bado limeuvaa, kwa heshima kama anayebeba vyombo vya meza ya Bwana.

Aliporudi, Bibi Nakijwa alikuwa amesimama katikati ya ofisi. Alikuwa na umri wa mama yake. Akakunja magoti yale yaliyogoma, mbele ya afisa, mbele ya mashahidi, akamwinamishia Elinihaki kichwa.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekusingizia mbele za watu, na macho yangu ndiyo yaliyokuwa na kijani."

Kila aliyekuwamo alimgeukia Elinihaki. Alihisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Ulimi wake ulikuwa na nafasi ya maneno mawili, na wengine wote wakayadhani ni wema.

"Yamekwisha, mama."

Basi Bibi Nakijwa akaacha kuchemsha. Kwa nini ajiue kwa kuni, na serikali imeyatazama maji juu ya karatasi nyeupe? Wiki ya tatu tumbo likamshika, homa ikafuata, na vijana wakambeba kwa machela hadi hospitali. Alilala humo siku kumi na moja.

Elinihaki alikwenda kumwona siku ya nne. Alibeba chupa ya maji yaliyochemshwa na mkewe, na njiani alikuwa ameyapanga maneno yake, la kwanza, la pili, la tatu, jinsi ya kuanzia na jinsi ya kumalizia. Alipofika mgonjwa alifungua macho, akaiona ile chupa, machozi yakamtoka.

"Tazameni," akawaambia wagonjwa wa vitanda vya jirani, kwa sauti ya kukwaruza. "Nilimchafua jina huyu. Na yeye ndiye kanifuata na maji."

Wagonjwa wakamsifu. Mmoja akasema wazee wa namna hii wamekwisha duniani. Elinihaki akammiminia Bibi kikombe, akamshika kisogo anywe, na maneno aliyoyapanga yakatawanyika yote. Akaketi mpaka kengele ya wageni ilipolia, akaondoka.

Kesho yake alifungua tangi, akaingia na brashi, akasugua siku mbili, peke yake, tope likimfika kwenye vifundo vya miguu. Watu waliopita walimwona, wakasema, angalia mtu huyu, maji yamepimwa yakaonekana safi na bado anaosha. Bibi Nakijwa alirudi mwepesi kama pakacha tupu, na kila Jumapili alimsalimia kwa mikono miwili. Wilaya nayo haikusahau. Ilileta barua ya pongezi kwa mtunza tangi kwa uvumilivu aliouonyesha wakati wa tuhuma, nakala kwa mchungaji, nakala kwa mlalamikaji, jalada limefungwa.

Mnaonisikiliza, ninyi mliopewa funguo za vitu visivyo vyenu, jalada hilo mtalikuta kabatini na kila karatasi yake ni halali. Lakini kilichotokea ni hiki: tangi halikuoshwa kwa miaka mitatu, mwenye ufunguo alijua, na mwanamke aliyesema kweli alimpigia magoti akamwomba radhi, naye akampa.