Matanga ya Jua

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kusengenya, Jua lilififia. Mchana ukawa wa kijivu. Mtama haukuiva, mawingu yalipita bila kudondosha hata tone, na mtoto wa Bi Pimbi akawa anatetemeka kwa baridi.

"Jua linaumwa," alitangaza Fisi, mganga wa kujipachika. "Kila nyumba itoe mbuzi. Nitambanika mlimani kwa kuni mbichi, Jua linuse, lipone."

Tembo akatoa. Nyati akatoa. Moshi ukapanda, fuuu! Jua likazidi kufifia, Fisi akazidi kunenepa.

Bi Pimbi hakuamini. Mgonjwa gani huyu, kila akipewa dawa anazidiwa? Akapitisha kidole juu ya jani la mtama, kikatoka cheusi. Akakinusa. Masizi, tena yananuka mafuta ya mbuzi!

"Aa-a! Hapa pana jambo."

Asubuhi moja, ngo! ngo! ngo!

"Hodi! Bi Pimbi, leo zamu yako. Huna mbuzi? Basi lete huyo mtoto."

Bi Pimbi akajitupa chini, mikono kichwani.

"Uuuwi! Umechelewa, Bwana Fisi! Jua limekufa! Majirani, njooni tulie!"

Tembo na Nyati wakaja mbio na mikeka. Fisi akawaza vyakula vya matanga, mate yakamtoka.

"Kweli limekufa," akadakia. "Nimehangaika nalo, lakini wapi!"

"Basi desturi tunaijua," alisema Bi Pimbi. "Penye msiba moto hauwashwi. Wafiwa ni sisi sote, tuanze kuzima kule mlimani. Chakula tutaletewa na watu wa bondeni."

"Zimeni, zimeni!" alisema Fisi, akijilamba.

Tembo akapanda na mkonga uliojaa maji. Chwaaa! Moto kwisha.

Wakakaa matanga. Upepo ukavuma, ukafagia moshi wote. Siku ya kuanua matanga, Jua likatokea, kali kwelikweli!

Nyati akapapasa utosi. "Marehemu gani huyu anayetuchoma?"

"Halikufa, wala halikuumwa," alisema Bi Pimbi, amempakata mwanawe. "Lilifunikwa na moshi wa Fisi, tangu ule wa kuni mbichi alizochoma mlimani kwa siri, hadi huu wa mbuzi wenu."

Wote wakamgeukia Fisi. Lo! Mkeka mtupu. Alikuwa anakata mbuga, Tembo nyuma yake, gudu! gudu! gudu!

Ndiyo maana nawaambia: mtu akikuletea dawa, chunguza kwanza kama si yeye aliyeleta ugonjwa.