Mkaja wa Bi Mwajabu

Haya, sogeeni. Wewe unayetafuna muhogo tafuna polepole, maana mwisho nitakuuliza wewe.

Bi Mwajabu alikuwa fundi cherehani kule Usambara, na kwa kukaa kutwa magoti yalishaanza kugoma. Binti yake angeolewa baada ya miezi sita, na ndoa ingefungwa kwa bibi yake, juu kilimani, gari halifiki.

"Tutakubeba," ndugu wakasema.

"Nibebwe kama mgonjwa siku ya harusi ya mwanangu? Thubutu."

Asipofika kwa miguu yake, mkaja, ile nguo anayopewa mama wa bibi harusi, angeupokea shangazi.

Akaamua kujizoeza kutembea, na alikuwa na watu watatu wa kumsaidia. Jirani yake Tausi, muuza maziwa, alikuwa na miguu. Shemdoe, mume wa Mwajabu, alikuwa na mkono wa kupika. Kibibi, fundi mwenzake, alikuwa na mdomo.

Tausi alimpitia kila asubuhi. Wiki ya kwanza waliishia msikitini, ya pili darajani. Mvua inyeshe, Tausi yupo mlangoni na madumu yake.

Shemdoe akashika jiko. Ugali hakumnyima, alipunguza mafuta, akaongeza maharage na mboga, chapati zikabaki za Ijumaa. Wanaume wenzake walimcheka, yeye akaendelea kukoroga.

Mambo yakaenda vizuri, mpaka ufundi ukamponza. Mafundi mnawajua, nguo ya Idi wanaimaliza Idi ikibisha hodi. Naye akaona kilima atakimaliza kwa siku moja. Alijaribu kukipanda mara mbili siku hiyohiyo, hakufika juu, akarudi anaburuta mguu. Kibibi akamfichia viatu siku nne.

"Mwili si oda ya Idi, shoga," alimwambia.

Tangu hapo, kila nguo ikiisha, Kibibi alimwamuru ainuke kitini na kukaa tena mara kumi, na Jumapili alimlazimisha kupumzika.

Siku ikafika. Mwajabu alipanda taratibu, akapumzika mara tatu, akaingia uani kwa mama yake kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuwepo, nikalia, na sioni haya kusema.

Wakamfunga mkaja. Akaufungua palepale. "Huu ni wa aliyenifikisha."

"Bila mimi ungekuwa bado kitini," Tausi akasema.

"Na bila chakula changu ungepanda na nguvu gani?" Shemdoe akauliza.

Kibibi akacheka. "Bila mimi, mguu ungekuwa kwenye bandeji."

Msiniambie aukate vipande vitatu. Fundi gani atatia mkasi kwenye mkaja wa harusi ya bintiye? Bi Mwajabu amesimama, nguo mkononi, anawatazama wote watatu na wote anawapenda.

Haya, wa muhogo, meza kwanza. Je, wewe ungempa nani?