Shule ya Chatu

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, wanangu, maana hii inanitia hofu hata mimi.

Zamani, zamani sana, Mwenyezi Mungu aliwajalia digidigi mluzi na miguu myepesi. Jani likitikisika, mmoja hupiga mluzi, wote hukimbia.

Siku moja walikutana ili waanzishe shule. Mkubwa wao, Mzee Manyanya, akauliza, "Watoto wafundishwe nini?"

"Sisi hatukusoma, tutajuaje?" wakasema wazazi.

Chatu akajitokeza taratibu. "Mimi nitafundisha bure. La kufundisha niachieni mwenyewe."

"Na sisi wazazi?" akauliza Bi Tunu, mjane mwenye binti mmoja, Siwema.

"Wazazi mtawasindikiza mpaka mlangoni."

Manyanya akacheka. "Tunu, wewe umesoma wapi? Mwache mwalimu!" Wenzake nao wakacheka.

Siku ya kwanza Siwema alirudi akiringa. "Mama, msomi hapigi mluzi."

Siku ya pili: "Mama, msomi hakimbii. Nimekuwa wa kwanza!"

Jioni hiyo kijiti kilivunjika kichakani. Bi Tunu aliruka. Siwema alisimama palepale, ametulia kama jiwe. Mama yake akaenda mbio kwa Manyanya.

"Mzee, mwanangu hakimbii tena!"

"Hiyo ndiyo nidhamu, mama. Kalale."

Siku ya tatu somo lilikuwa kufumba macho. Bi Tunu hakuishia mlangoni. Aliingia. Aliwakuta watoto wamepanga mstari, macho wameyafumba, kimya kabisa. Chatu alikuwa akiupitia mstari polepole, akiwanusa mmoja mmoja.

"Yarabi!" Bi Tunu akapiga mluzi. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu.

Watoto wakashtuka, wakatawanyika. Mmoja tu alibaki.

"Siwema! Kimbia, mwanangu!"

Siwema akajibu, macho bado ameyafumba, "Mama, mwalimu hajaruhusu."

Hilo ndilo neno lake la mwisho.

Mvua zilipokwisha, alikuja Korongo kuomba kazi ya ualimu. Akauliza, "Nifundishe nini?" Manyanya aliinamisha kichwa. Bi Tunu akaketi chini, akasema, "Kaa, mwalimu. Tuzungumze." Wakaketi wazazi wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likazama. Hakuna aliyesema yeye hakusoma.

Hadithi yangu naiacha hapo, wanangu. Mungu awalinde.