Fundi Kinyonga na Mashine ya Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa nyasi, nyasi mpaka kiunoni!"

"Nani kazikata?"

"Sema wewe, sisi tunasikiliza!"

Haya, nasema. Ila nawaambia mapema, ngano hii nikiianza hucheka, nikifika mbele sauti hunipungua. Msiniulize kwa nini. Mtaona wenyewe.

Hapo kale, wala si kale sana maana mashine zilikwishakuja, palikuwa na bonde la nyasi kando ya mto. Nyasi za wote. Kila masika yakiisha, wanyama walikuja na mundu zao, wakakata, kila mmoja akabeba mzigo wake kwenda kwake. Lakini katikati ya bonde hapakatwi. Katikati ni pa Kware mpaka mayai yake yaanguliwe, ndipo mundu iingie. Desturi hiyo haikuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Mwaka huo Kiboko akaokota mashine ya kukatia nyasi. Aliikuta kwenye uwanja wa gofu uliohamwa na wenyewe. Akaisukuma mpaka bondeni, gurugudu, gurugudu, akasimama mbele ya wanyama, tumbo limetangulia, mwenyewe anafuata.

"Mwaka huu mundu zenu wekeni," akasema. "Nyasi nazikata mimi. Zote. Na akataye ndiye alaye."

"Na katikati je, Bwana Kiboko?" akauliza Kware.

"Katikati ndiko kwenye nyasi tamu!"

Wanyama wakatazamana. Mwenye nguvu mpishe, wakapisha.

Kiboko akashika kamba. Akavuta: krrr! Akavuta: krrr! Mashine ikasema puf, ikanyamaza. Akavuta tena mpaka shingo ikamvimba, na shingo ya Kiboko mnaijua, haina pa kuvimbia. Krrr! Krrr! Puf.

"Niitieni fundi!" akanguruma.

Fundi wa bonde lile alikuwa Kinyonga. Alikuwa fundi kweli, si wa kubahatisha. Vidole vyake vilishika nati ndogo kama punje ya ulezi, na macho yake yalifanya kazi mbili: moja linatazama injini, moja linamtazama mwenye injini. Akapanda juu ya mashine, pole pole. Jicho la kwanza likaenda kwenye plagi. Akaona kile kikofia cha waya kinachokaa juu ya plagi kimechomoka. Basi, ugonjwa ndio huo tu. Ukikisukuma kwa kidole, tik, mashine inawaka.

Kinyonga akanyoosha kidole. Jicho la pili likamwona Kware nyuma ya Kiboko, anatikisa kichwa. Kidole kikasimama hapo hapo. Kinyonga akajidai anakwenda kutazama magurudumu, na Kware akamsogelea.

"Fundi, kaka yangu," akanong'ona, "nina mayai saba pale katikati. Siwezi kuyabeba. Nitafutie siku nne tu. Siku ya tano asubuhi watoto watakuwa wametoka, na watoto wangu hutoka yaini wakikimbia."

"Siku nne?" akasema Kinyonga. "Dada, hizo niachie mimi. Wewe kalalie mayai yako, usiwe na wasiwasi."

Usiwe na wasiwasi! Maneno mepesi hayo, na mimi huyakumbuka kuliko ngano yote.

Siku ya kwanza Kinyonga akanusa tangi. Akanusa tena. "Bwana mkubwa," akasema, "ugonjwa nimeuona. Petroli hii imelala humu masika mazima, imechacha. Imwage yote, ukalete mpya."

Kiboko akamwaga. Akachukua dumu akaenda kituo cha mafuta, kule barabarani, jua la utosi, miguu mifupi, pu, pu, pu. Akarudi jua linatua, ulimi nje. Akajaza tangi, akashika kamba. Akavuta: krrr! Akavuta: krrr! Mashine ikasema puf, ikanyamaza.

"Kesho, bwana mkubwa," akasema Kinyonga. "Kesho."

Siku ya pili Kinyonga akachomoa kichujio cha hewa. "Bwana mkubwa, ugonjwa nimeuona. Mashine haipumui, pua imeziba. Kifue hiki kwa sabuni, ukianike, kisha ukipulize. Lakini taratibu."

Kiboko na taratibu wapi na wapi! Akakifua, akakianika, akakipuliza: fuuuu! Kichujio kikaruka, kikaanguka matopeni. Akakifua tena, akakianika tena, akakipuliza: fuuuu! Matopeni tena. Mara tatu. Kilipokauka jua lilikuwa linazama. Akavuta: krrr! Akavuta: krrr! Mashine ikasema puf, ikanyamaza.

"Kesho, bwana mkubwa. Kesho."

Siku ya tatu Kinyonga akafungua kabureta. "Bwana mkubwa, ugonjwa sasa nimeuona hasa. Ndani humu mna tundu jembamba kuliko unywele, lina uchafu. Nitalizibua kwa unywele. Wewe nishikie nati hizi mdomoni. Usifunge kinywa, usiseme, usile. Ukimeza moja tu, mashine imekufa."

Kiboko akakaa kinywa wazi kutwa nzima. Nzi wakaingia, wakatoka. Nyasi ziko mbele yake, tumbo linalia nguruu, na yeye "aaa, aaa" tu. Wanyama wakacheka mpaka wakashika miti. Hata Kware, juu ya mayai yake, akacheka. Jioni Kiboko akavuta: krrr! Akavuta: krrr! Mnajua wenyewe ikasemaje.

"Puf!"

Ikanyamaza. "Kesho, bwana mkubwa," akasema Kinyonga. "Nakuahidi, kesho."

Siku tatu hizo kasheshe tupu, na zimeshapita. Kama ngano ingekuwa yangu peke yangu ningeikata hapa, tukale.

Siku ya nne wanyama wakaja wengi zaidi. Siri ya zile siku nne hawakuijua, kuijua ni Kware na Kinyonga tu. Wao walikuja kucheka, na kicheko hakichagui. Jana kilimwangukia Kiboko, leo kikamgeukia fundi.

"Fundi jina huyo!" akapiga kelele mmoja.

"Fundi kesho!" akajibu mwingine.

Alasiri ikafika, Kinyonga bado anagusagusa skrubu. Kiboko akatupa kamba chini. "Basi! Nimechoka kuchezewa. Naenda ng'ambo kumwita Ngedere. Yule ndiye fundi. Huyu hata plagi haijui iko wapi!"

Sasa sikilizeni. Ng'ambo kwa Ngedere, kwenda na kurudi, ni siku nzima. Kiboko alikuwa anaondoka mwenyewe, kwa miguu yake, na siku ya tano anampa Kware bure. Kazi ilikwisha! Kinyonga alitakiwa kufanya jambo moja tu, anyamaze. Aseme, "Haya, bwana mkubwa, mwite Ngedere, uende salama." Hata asiseme. Anyamaze tu.

Kinyonga akageuka kijani. Akageuka manjano. Akageuka mweusi ti.

"Mimi?" akasema. "Mimi siijui plagi?"

Tik.

"Vuta!"

Hakukusudia baya, jamani. Alitaka iwake kidogo, watu wasikie, jina lake lirudi, kisha aizime. Kiboko akavuta mara moja tu. Krrr... NGRRRRRR! Ndege wakaruka mitini. Wanyama wakapiga makofi, "Fundi! Fundi!" Na Kinyonga, kwa kitambo kile kifupi, alifurahi. Alifurahi kweli. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Kiboko hakungoja. Akadaka mkono wa mashine, Kinyonga akarushwa huko, na mashine ikashika njia ya katikati.

"Zima!" Kinyonga akapiga kelele. "Bwana mkubwa, zima! Haina oili!"

Ngrrrrr. Nani asikie? Akakimbia. Na mbio za kinyonga mnazijua. Kware akakaa juu ya mayai, akakaa, akakaa, mpaka upepo wa kisu ukampuliza manyoya, ndipo akaruka. Mashine ikapita juu ya mayai yote saba.

Hapo mimi husita kidogo. Roho huniuma.

Mbele kidogo nyasi mbichi zikajisokota kwenye kisu, mashine ikakoroma, krrk, ikazima. "Fundi!" akaita Kiboko. "Imezima tena!"

Kinyonga akafika, anahema. Hakutazama nyuma. "Bwana mkubwa, ina homa. Mashine yenye homa hupozwa majini. Izamishe pale penye kina kirefu, ukae nayo, usiitoe mpaka iache kutoa mapovu."

Kiboko akaizamisha. Blup, blup, blup. Na mapovu ya mto ule hayaishi, maana ni yeye mwenyewe anayeyatoa. Mpaka leo yumo majini, macho na masikio nje, anangoja ipoe.

Wanyama wakashangilia. Nguvu imeshindwa na akili! Wakambeba Kinyonga juu juu, wakaimba jina lake. Akawaomba wamshushe pale katikati. Kware alikuwa anazunguka mahali pale, anazunguka, hatui.

"Dada," akasema Kinyonga. "Mashine nimeizamisha. Haitarudi tena."

"Nimesikia," akasema Kware.

"Niliahidi siku nne..."

"Usiku mmoja ndio uliobaki, fundi. Usiku mmoja tu."

 Kinyonga akageuka rangi ya udongo, akakaa hapo mpaka wenzake wote wameondoka. Ufundi akauacha. Na ndiyo maana mpaka leo ukimwona njiani ananyoosha mguu, anaurudisha, ananyoosha tena, kila hatua anaiuliza kwanza kabla hajaikanyaga.

Ngano yangu naitua hapa. Penye utamu mgawane, penye uchungu niachieni, nimepazoea.

"Na mafunzo yake?"

Mafunzo? Kumbe mlitaka na mafunzo! Mafunzo yake ni haya: fundi akikwambia kesho, na iwe kesho kweli. Mkawaambie mafundi wenu.