Nembo Ukutani, Chumvi Imehama

"Nembo ukutani, chumvi imehama." Mnaicheka methali hii kwa kuwa hamjui ilikotoka. Basi ilianza hivi.

Mji wa Nyamkoma ulizaliwa na chumvi. Wanawake waliteka maji ya chemchemi yenye chumvi, wakayachemsha vyunguni mpaka yakakauka, na watu wakaja kutoka mbali kununua chumvi iliyobaki. Hata tajiri wa ng'ombe alifuata chumvi ile.

Mji ulipokua, wazee wa baraza walitaka nembo. Kazi akapewa Kasanda, mchonga milango, ambaye dada yake Nyamizi ndiye aliyekuwa mkuu wa wachemshaji. Wahunzi walidai nyundo, wakulima jembe, wafugaji pembe. Wanawake hawakuitwa, walileta chakula, wakaondoka na sinia zao. Kasanda aliichonga nembo kwa umbo la ngao, akaacha nafasi katikati, moyoni akijua ni ya chungu.

"Hapo weka simba," alisema mwenyekiti.

"Mzee wangu, simba hapa hajawahi kuonekana."

"Unataka tuweke chungu, watucheke? Nembo si jiko!"

Wazee wakaangua kicheko. Kasanda naye, Mungu amsamehe, akacheka. Akachonga simba.

Siku ya kuitundika nembo kwenye ukuta wa baraza, Nyamizi aliitazama sana.

"Kaka, sisi tuko wapi?"

"Ni ubao tu, dada yangu."

"Kama ni ubao tu, uliogopa nini?"

Kasanda akainama kuokota patasi zake.

Kwa desturi yao, mchemshaji anayehama habebi chungu chake. Hukifudikiza juu ya mafiga, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukiinua wala kuwasha moto mahali pale. Kesho yake Kasanda alikuta vyungu vyote vimefudikizwa, hata cha dada yake. Wanawake walikuwa wamevuka mto, kwenye chemchemi nyingine, na soko likawafuata.

Aliwaomba wazee amtoe simba. Wakakataa, nembo ilikwisha kubarikiwa. Akavuka mto mara tatu kumbembeleza Nyamizi. Kila mara dada alimlaza vizuri, akampikia, akamfungia chumvi ya kwenda nayo, akamsindikiza kama anavyosindikizwa mgeni. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko matusi.

Kasanda alizeeka Nyamkoma, majuto yakiwa ndiyo chakula chake. Wapita njia walisimama barazani wakamsifu simba, kisha wakauliza, "Na ile chumvi yenu maarufu inauzwa wapi?"

Naye, bila kuinua macho, aliwajibu: "Nembo ukutani, chumvi imehama."