Chupa ya Mwisho ya Sista Pina

Sogeeni, wadogo kwa wakubwa. Anayependa hadithi zinazoisha vizuri aende zake sasa hivi, nisije nikalaumiwa baadaye. Yangu ya leo ina watu watatu wema na chupa moja, na mimi mwenyewe imenishinda.

Palikuwa na chuo cha afya ya jamii, juu kule milimani, jina lake nalisitiri. Kila mwaka wahitimu wake wa zamani walirudi kukutana. Kwanza mhadhara wa wazi, ambao hata wanakijiji waliingia ukumbini kuusikiliza, kisha pilau, kisha kisima. Kisima hicho walikichimba wanafunzi wa kwanza kabisa kwa majembe yao wenyewe, na desturi ilikuwa kila mhitimu anywe kikombe kimoja cha bati, ataje mwaka aliomaliza, wenzake wapige makofi. Asiyekunywa alionekana ana maringo.

Kati yao walikuwepo watatu waliomaliza mwaka mmoja. Semeni alijaliwa kuuliza: akikaa na mgonjwa dakika kumi, anajua alikula nini juzi na alikula na nani. Mbonea alijaliwa kusema: watu waliomgomea kila mtu, kwake walikubali. Na Kalunde alijaliwa mikono: mtoto aliyekauka hadi mishipa imepotea, yeye aliupata mshipa kwa kupapasa tu, macho ameyafumba.

Alikuwepo pia Sista Pina, muuguzi wa zahanati ya chuo, ambaye hakuwa mhitimu wa pale wala hakualikwa kwenye pilau. Kazi yake moja ilikuwa kutia dawa ya kusafisha maji kisimani kila Jumamosi. Mwaka ule alipata barua ya kamati ya wahitimu: dawa inaharibu ladha, wenzetu wanataka maji yao ya zamani, Jumamosi ya sherehe usitie. Saini tatu: Semeni, Mbonea, Kalunde. Pina aliisoma mara mbili. Watu wa afya kuandika hivyo, jamani? Lakini wakubwa wamesema, na yeye ni nani? Hakutia. Na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, choo cha bweni la zamani, karibu na kisima, kimefurika.

Msicheke, lakini mhadhara wa siku ile, aliotoa Mbonea mwenyewe, ulihusu maji safi.

Kesho yake asubuhi watu kumi na wanne walikuwa hawawezi kusimama. Kipindupindu. Mchana wake mto ulibeba daraja, ikawa hakuna gari linaloingia wala kutoka.

Semeni alishika daftari. Kila mtu alilaumu pilau, na wapishi walishaanza kulia. Yeye akapita kitanda kwa kitanda, akauliza hata wazima, mpaka akagundua kwamba waliochelewa, wakala pilau watu wameshatoka kisimani, bila kunywa kikombe, hawakuugua hata mmoja. "Ni kisima," alisema. "Ni sisi." Bila yeye, watu wangeendelea kuchota.

Mbonea alishika ukumbi. Wahitimu wenye hofu walitaka kupita njia za msituni warudi makwao, na ugonjwa wao matumboni. Wanakijiji nao walikataa kukiacha kisima, wakasema wasomi wanawafukuza. Alisimama palepale alipotolea mhadhara. "Jana niliwadanganya," aliwaambia. "Nilifundisha maji safi, nikaenda kunywa machafu, na barua ya kuzuia dawa nilitia saini mimi." Alisema hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyeondoka, na kisima kikafungwa kwa mikono ya wanakijiji wenyewe. Bila yeye, ugonjwa ungefika mabondeni kote.

Kalunde alishika sindano. Siku mbili hakukaa kitako. Wagonjwa walifika arobaini na sita, wengine watoto wa kijijini walioletwa mgongoni, na kila mshipa uliowashinda wengine aliupata yeye. Pina alimshikia chupa na kuhesabu zilizobaki, akiogopa. Hakufa hata mmoja. Bila Kalunde, sijui tungezika wangapi.

Sasa sikilizeni vizuri. Wote watatu walikuwa wamekunywa kikombe. Wote watatu walianza kuharisha, na kila mmoja alinyamaza ili kazi isisimame. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Pina aliwakuta wameanguka ndani ya saa moja. Macho yameingia ndani, vidole vimenywea, na kila wanachonyweshwa wanakitapika. Aliwalaza vitanda vitatu vya jirani. Akaenda stoo.

Imebaki chupa moja ya dripu.

Vifaa vingevushwa mto kesho yake, na bila dripu wao wasingeiona kesho hiyo. Chupa moja ingemrudisha mtu mmoja hadi aweze kunywa mwenyewe. Ukiigawa mafungu matatu, umewapoteza wote watatu, kwa hiyo msianze kuniambia agawe.

Pina alirudi nayo akiwa ameificha chini ya aproni, kana kwamba wasingejua. Walijua. Wao ndio waliosomea.

"Nipe mimi, Sista," alisema Kalunde, macho ameyafumba. "Wakija wengine jioni, nani atawachoma?"

"Kuna kijito kinachotoka kisimani," alisema Semeni kwa shida. "Sijamaliza kuuliza kinakwenda kwa nani. Daftari lina mwandiko wangu tu, dada. Hakuna atakayeusoma."

Mbonea aligeukia ukutani, Pina akadhani amekwisha. Kisha akanong'ona, "Mimi sina hoja, Pina. Watu nimeshasema nao. Naogopa kufa, basi."

Pina alilia, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Alisogeza stendi ya dripu katikati ya vitanda, akatundika chupa. Alikumbuka Jumamosi ile, kopo la dawa mkononi, akilirudisha kabatini kwa sababu wakubwa wamesema. Leo aliwatazama wakubwa wale wale, akasubiri mmoja wao amwambie la kufanya kama walivyomwambia siku ile. Safari hii hawakukubaliana. Sindano ilikuwa mkononi mwake, na haikuwepo barua wala saini ya mtu.

Hapo ndipo ninapowaachia. Mmoja aliujua ugonjwa ulikotoka, mmoja aliuzuia usienee, mmoja aliwatoa watu mikononi mwa kifo, na wote watatu ndio waliouleta. Pina amesimama, na hana mtu wa kumwuliza isipokuwa ninyi mnaonisikiliza.

Je, wewe ungeushika mkono wa nani umtundikie chupa ile?