Kifaru na Chale Kumi na Mbili

Hapo zamani za kale, wanangu, siku zile wanyama walipokuwa na milango na kubisha hodi kabla ya kuingia, Kifaru na mkewe walijaliwa mtoto wa kike. Sogeeni karibu. Na wewe uliyeshika mkia wa paka, mwachie naye asikilize.

Mtoto huyo alikuwa mzuri, mnene, mwenye usingizi mwingi. Lakini hakuwa na jina.

Desturi ya bonde lao ilikuwa hivi: kabla jua la siku ya arobaini halijafika utosini, baba huchanjwa chale kumi na mbili begani. Chale zikitimia, humnong'oneza mtoto jina lake sikioni. Baba asipochanjwa, mtoto hungoja mpaka mvua za mwaka mwingine, na muda wote huo huitwa "wewe" tu. Wewe njoo, wewe kula, wewe lala.

Fundi wa chale alikuwa Bi Nungu, mama mwenye miiba mgongoni. Kila alipochanja, alichomoa mwiba wake mmoja, akauchemsha, akadunga, kisha akapaka masizi ili alama ibaki nyeusi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na hakuwahi kumcheka mtu aliyelia.

Basi Kifaru, mwenye ngozi nene kama ukuta wa boma, alikuwa anauogopa mwiba.

Siku ya thelathini na nane alisema, "Leo upepo mkali, chale zitaingia vumbi."

Siku ya thelathini na tisa alisema, "Leo nimeshiba sana. Ukichanjwa umeshiba, unatapika."

Siku ya arobaini hakusema kitu. Alfajiri aliingia kwenye dimbwi la matope, chubwi, akazama, akaacha pembe na masikio nje.

Mkewe akamwona kutoka jikoni.

"Mume wangu, hayo masikio nayajua. Toka."

"Napoa kidogo."

"Mwenzio Nyati amechanjwa mara tano."

"Nyati hana akili."

"Ana watoto watano, na wote wana majina."

 Maneno hayo yalimwingia Kifaru, kwa sababu jina la mtoto alikuwa nalo tayari. Alilichagua siku ile ile alipozaliwa, na kila usiku alilisema kimoyomoyo.

Kindi, jirani yao wa juu ya mti, alisikia yote. Akateremka, parara-parara-para, akasimama ukingoni mwa dimbwi.

"Kaka, una habari? Bi Nungu haanzi kazi mpaka mtoto aamke."

Masikio mawili yakasimama. "Nani kasema?"

"Mimi. Mtoto akiwa amelala, wewe utulie tu."

Kifaru akatoka matopeni mbio, pu, pu, pu. "Mleteni mtoto. Nitambembeleza mwenyewe."

"Oga kwanza," Kindi akasema. "Nani atalala karibu na harufu hiyo? Hapo begani bado. Sugua. Sugua tena."

Kifaru akasugua bega mpaka likang'aa. Akalala kivulini, na mkewe akamlaza mtoto juu ya mkono wake mkubwa. Kifaru akaanza kuimba kwa sauti ndogo:

"Lala, binti, lala, majani bado mafupi, lala..."

Bi Nungu akaja kwa nyuma, taratibu, mwiba mkononi. Kindi akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha bega.

Ndo, mwiba ukaingia.

"Nani huyo?" Kifaru akanong'ona.

"Ni yule ndege wako wa kupe," Kindi akajibu. "Leo ana njaa."

Mnajua, wanangu, kila kifaru ana ndege wake anayemdonoa kupe mgongoni. Anadonolewa asubuhi, anadonolewa jioni, wala halalamiki.

"Mwambie adonoe polepole. Ataniamshia mtoto."

"Nitamwambia."

Ndo. Ndo. Kifaru akaendelea kuimba. Ndo. Akamfukuza nzi puani mwa mtoto kwa pumzi. Ndo, ndo.

Chale ya tisa ilipoingia, ndege mmoja mwenye mdomo mwekundu akatua juu ya pembe yake, mbele ya macho yake kabisa.

"Samahani, bosi, nimechelewa. Kuna kupe leo?"

Kifaru akamtazama ndege. Akamtazama tena.

"Kama wewe uko hapa, anayenidonoa ni nani?"

Kindi akajifanya anakuna sikio.

"Ni mimi, baba," Bi Nungu akasema. "Pole."

Mwili wa Kifaru ukaanza kutetemeka, tititi, ardhi nayo ikatetemeka. Akakunja miguu akimbie. Mtoto akakunja pua kama anayetaka kulia. Kifaru akaganda, mguu mmoja hewani.

"Kindi, umenidanganya."

"Nimekudanganya, kaka."

"Zimeingia ngapi?"

"Tisa. Ya sita ilikukuta unaimba."

"Hizo zilizobaki zinauma sana?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye bega ni wewe."

Kifaru akafikiri. "Zinauma kama ndege."

"Mimi sidonoi hivyo," ndege akasema.

"Kama ndege mwenye njaa."

Bi Nungu akaja mbele, akaulaza mwiba kwenye jani ili Kifaru auone. "Tisa hazitoshi, baba, na jua limepanda. Lakini sikuchanji tena bila wewe kujua. Sema mwenyewe."

Kifaru akamtazama mtoto. Pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na tone la maziwa.

"Nipeni kitu cha kung'ata," akasema. "Halafu endelea, Bi Nungu. Ila polepole, amelala."

Hapakuwa na kijiti karibu. Kindi akatazama huku, akatazama kule, akatoa mkia wake.

Ndo. Chozi likamtoka Kifaru. Bi Nungu akangoja mpaka alipopumua. Ndo.

"Kaka," Kindi akasema, "mkia huo una mwenyewe."

Ndo.

"Tayari," Bi Nungu akasema, akapaka masizi.

"Tayari kabisa?"

"Kabisa. Mpe mtoto jina lake."

Kifaru akainamisha kichwa.

"Kwanza niachie mkia," Kindi akasema.

Akamwachia. Akaweka mdomo kwenye kile kisikio kidogo, akasema kwa pumzi tu, "Mwanamvua." Mtoto akafungua macho, akamtafuta aliyemwita.

Wanangu, woga humchoma mtu mara mia kabla mwiba haujamgusa.